Tembo wa Tabora mbele ya lenzi

Sarafu ya dhahabu ya rupia 15 iliyopigwa Tabora mwaka 1916 haifiki upana wa milimita 23. Kwa macho matupu mtu anamwona tembo aliyeinua mkonga, milima nyuma yake, mwaka, na herufi T. Basi. Ni lenzi ya makro inayomfanya mtazamaji aone kwamba sarafu hii ni kazi ya mikono.

Vita Kuu ya Kwanza ndivyo vilivyoizaa. Manowari za Waingereza zilikuwa zimeziba pwani, fedha kutoka Ujerumani hazikuingia tena, na jeshi lilihitaji kulipa. Serikali ya kikoloni ya Wajerumani, iliyokwisha kuhamia bara, ikageukia karakana ya reli. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, huko Iramba. Kazi ya kuchonga mihuri ya chuma akapewa sonara Msinhala, mtu wa Ceylon, nchi tunayoiita leo Sri Lanka. Vitabu vingi vya sarafu humtaja kwa asili yake tu, kana kwamba tembo yule alijichonga mwenyewe. Zilipigwa sarafu 16,198.

Mkono wake, hata hivyo, umebaki kwenye dhahabu. Geuza upande wenye tai, utazame nakshi ya kulia. Katika baadhi ya sarafu ncha yake inaishia chini ya herufi T ya neno OSTAFRIKA. Katika nyingine inasogea mpaka chini ya A inayofuata. Mihuri ilikuwa zaidi ya mmoja, na haikufanana. Hela 20 za shaba za mwaka huohuo zimezidi kwa vituko: kuna taji kubwa na taji dogo, kuna L zenye ncha iliyojikunja na L zenye ncha iliyochongoka. Wakusanyaji hulipia tofauti hizo pesa nyingi, nao huzitambua kwa picha za karibu.

Karakana ile haikufanya kazi muda mrefu. Baada ya kuiteka Kigoma mwishoni mwa Julai 1916, majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yalifuata reli kuelekea mashariki, reli ambayo ilikuwa imefika ziwani miaka miwili tu kabla. Mwanzoni mwa Septemba yalipambana na Wajerumani Usoke, kituo cha reli kilichomo leo katika wilaya ya Urambo, kisha Lulanguru, kisha Itaga. Tarehe 19 Septemba Tabora ikaanguka. Anayepita Usoke kwa treni leo, akitazama miombo dirishani, anapita katikati ya uwanja wa vita.

Lakini ufundi wa vitu vidogo haukuletwa na Wajerumani huku Unyamwezi, eneo la Tabora. Mpelelezi Mwingereza Richard Burton alipofika Kaze, jirani na Tabora ya leo, Novemba 1857, alikuta watu wamevaa vitindi na sambo, mapambo ya waya. Waya wa shaba ulipanda na misafara kutoka pwani. Shaba nyekundu ilitoka Katanga, ambako Msiri, mtu aliyetokea upande wa Unyamwezi, alijijengea ufalme. Sambo ilitengenezwa kwa waya mwembamba uliozungushwa juu ya nywele za mkia wa mnyama, kama za twiga. Ukiikaribia kwa lenzi, utaona mizunguko imebanana, hapa imelala sawa, pale imeruka kidogo mahali fundi alipobadilisha mshiko.

Picha za namna hiyo zilichelewa sana kuja. James Grant, aliyesafiri na mpelelezi Speke, alipiga picha Unguja mwaka 1860, lakini walipoingia bara aliiacha kamera akachukua kalamu na rangi. Vifaa vya wakati ule havikupatana na hema lenye joto. Hata baadaye, aliyetaka kukikaribia kitu kidogo alilazimika kuongeza mirija au mfuko wa mikunjo kati ya kamera na lenzi. Mwaka 1955 ndipo Heinz Kilfitt alipotoa Makro-Kilar, lenzi ya kwanza ya makro kwa kamera ndogo za filamu ya milimita 35.

Siku hizi mambo ni mepesi. Lenzi ndogo ya kubana kwenye simu inatosha kuanzia, mradi simu iegemee kitu kisichotikisika. Kinachosumbua zaidi ni mwanga. Ukiupiga kutoka juu, dhahabu inang'aa na michongo inapotea. Uteremshe ubavuni, karibu ulale mezani, na kila mchoro utapata kivuli chake. Karatasi nyeupe mbele ya taa hupunguza ukali. Na kwa kuwa kwa ukaribu huo ni utando mwembamba tu unaoonekana vizuri, mpiga picha hupiga kadhaa, kila moja akisogeza fokasi kidogo, kisha programu huziunganisha.

Kama kuna hela ya zamani au kitindi kwenye sanduku la bibi, usikisugue kwa majivu wala ndimu ili king'ae; utafuta alama zilezile unazozitafuta. Weka rula kando yake, piga picha pande zote mbili, uandike kilitoka kwa nani na kijiji gani, kabla mnunuzi hajabisha hodi.