Fanicha za mtiki za Denmark: kwa nini kiti cha miaka 70 bado kinakarabatiwa

Mtiki tunaujua. Wasikilizaji wetu wa Muheza, Mvomero na Bonde la Kilombero wanapita kando ya mashamba yake kila siku. Kinachowashangaza wengi ni kusikia kwamba huko Ulaya, kiti cha mtiki kilichotengenezwa miaka ya 1950 kinaweza kukarabatiwa na kuuzwa ghali kuliko kiti kipya. Hapa tunaeleza fanicha hizo ni zipi, zinatengenezwaje upya, na ni wapi fundi anaweza kuziharibu moja kwa moja.

Zilitoka wapi?

Ni viti, meza na makabati yaliyotengenezwa Denmark hasa kati ya 1945 na katikati ya miaka ya 1960. Mtiki hauoti Denmark. Mbao zilisafirishwa kwa meli kutoka Asia, hasa Thailand na Burma, ambayo leo ni Myanmar.

Kuanzia 1927 hadi 1966, maseremala wa mji mkuu, Copenhagen, walifanya maonyesho kila mwaka. Mchoraji na fundi walileta kazi yao pamoja. Mmoja wa wachoraji hao ni Hans J. Wegner, mtoto wa fundi viatu, aliyejifunza useremala tangu ujana wake. Kiti chake cha mviringo cha 1949 kilionekana kwenye televisheni ya Marekani mwaka 1960, katika mdahalo wa Kennedy na Nixon.

Mwingine ni Finn Juhl, msanifu majengo, na huyu anagusa historia yetu. Ndiye aliyesanifu ukumbi wa Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York. Machi 1955, Mwalimu Julius Nyerere, akiwa rais wa TANU, alikwenda kulieleza Baraza hilo madai ya watu wa Tanganyika. Ndani ya ukumbi huo kuna sanamu ya mwanamke aliyeinua mikono, iliyochongwa kwa mtiki na Henrik Starcke wa Denmark. Ukumbi ulikarabatiwa na kufunguliwa tena 2013.

Kwa nini zinadumu?

Sababu ya kwanza ni mti wenyewe. Kiini cha mtiki kina mafuta ya asili yanayosaidia kuzuia mchwa na unyevu. Sababu ya pili ni kazi ya mikono. Vipande vya kiti viliunganishwa kwa ulimi unaoingia kwenye tundu, kisha gundi, bila kutegemea misumari. Kiungo cha namna hiyo kikilegea kinaweza kufunguliwa na kuunganishwa tena. Viti vingine vilifumwa kwa kamba ya karatasi iliyosokotwa. Kiti kimoja cha Wegner, chenye mgongo wa umbo la Y, hutumia takriban mita 120 za kamba hiyo. Ikikatika, inafumwa nyingine na mbao zinabaki zilezile.

Ukarabati unavyofanyika

1. Kutambua. Siyo kila fanicha ni mtiki mtupu. Makabati na meza nyingi zina vinia, yaani tabaka jembamba la mtiki lililogundishwa juu ya ubao mwingine. Tazama ukingo. Kama mistari ya juu haiendelei pembeni, huenda ni vinia.

2. Kusafisha. Tumia kitambaa laini, maji kidogo na sabuni isiyo kali, ukifuata mistari ya mbao. Acha ikauke kabisa.

3. Viungo. Kilicholegea hufunguliwa, gundi ya zamani hukwanguliwa, hupakwa mpya, kisha hubanwa mpaka ikauke. Usipige msumari. Msumari unaweza kupasua ulimi, na fundi atakayekuja baadaye hataweza kufungua bila kuvunja.

4. Msasa. Tumia msasa laini, kwa mkono. Vinia mara nyingi haifiki milimita moja. Mashine ya msasa inaweza kuimaliza kwa muda mfupi, na ikiisha hairudi.

5. Mafuta. Hupakwa kidogo, mara nyingi ya mbegu za kitani, kisha yanayozidi hufutwa. Hapa kuna hatari: vitambaa vyenye mafuta ya kitani vikirundikwa vinaweza kushika moto vyenyewe. Vitandaze nje vikauke, au viloweke kwenye maji kabla ya kutupa.

Somo kwetu

Thailand ilisimamisha ukataji wa misitu yake ya asili mwaka 1989, na Myanmar ikazuia magogo kusafirishwa nje mwaka 2014. Mtiki uliokomaa wa misitu hiyo haupatikani kirahisi tena, ndiyo maana wa zamani unatunzwa.

Kwa wakulima wa mitiki, jambo la kukumbuka ni hili: uimara uko kwenye kiini. Sehemu nyeupe ya nje huliwa na wadudu, na mti uliokatwa ungali mchanga una nyeupe nyingi. Anayekata mapema anauza sehemu dhaifu kwa wingi.

Na kama una kiti cha zamani nyumbani kinachotikisika, usikimbilie kukipaka rangi wala kukifanya kuni. Kigeuze chini juu, utazame viungo. Kama mbao ni nzima na kilicholegea ni gundi tu, mpelekee fundi na umwombe jambo moja: akifungue, asikipigilie msumari.