Mamangu Hajawahi Kuposti Saba Saba

Wasee, kuna kitu hufanya usiku nikikosa usingizi. Nafungua Google Trends, naandika "Saba Saba", nachagua Kenya, halafu narudi nyuma miaka kadhaa. Ile grafu iko chini, iko chini, ikifika Julai inaruka juu, kisha inalala tena. Nilikuwa nikiiona nasema: si unaona? Wakenya tunakumbuka wiki moja tu, halafu tunasahau.

Siku hizi sina uhakika hivyo.

Turudi kwanza Julai 7, 1990. Kenya ilikuwa nchi ya chama kimoja kisheria tangu 1982. Kenneth Matiba na Charles Rubia waliitisha mkutano uwanja wa Kamukunji kudai vyama vingi. Serikali ya Moi ikaupiga marufuku, na siku tatu kabla ikawatia wote wawili ndani. Watu walienda tu. Polisi wakawatawanya, vurugu zikaenea hadi miji mingine kwa siku kadhaa, na watu wasiopungua 20 wakauawa. Desemba 1991, kifungu 2A kikatolewa kwenye katiba na vyama vingi vikarudi.

Mamangu alikuwa na miaka 11, wakikaa Shauri Moyo, hapo tu karibu na Kamukunji. Hadi leo, kila Julai 6 jioni anajaza mitungi yote maji, ananunua unga na mkaa, kisha anapiga simu kuuliza kila mmoja wetu kesho atakuwa wapi. Tukiwa watoto tulidhani ni uoga tu. Hajawahi kuposti kitu kuhusu Saba Saba. Kwa data ya mtandao, mamangu ni sifuri. Na anakumbuka kuliko mimi ninayeweka hashtegi kila mwaka.

Mimi si mtafiti, chuo niliacha mwaka wa pili. Lakini hata hizo namba zina mambo yake. Ile 100 ya Google Trends si idadi ya watu. Ni kilele cha kipindi ulichochagua, na siku zingine zote zinapimwa nacho. Ukiingiza mwaka mmoja wenye kelele nyingi, miaka mingine inaonekana kama imelala, hata kama watu walikuwa wakitafuta.

Sisemi mtandao ni bure. Baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2, 2015, Wakenya walianzisha #147notjustanumber. Wakaweka majina na picha za wanafunzi waliouawa, ili wasibaki hesabu tu ya kwenye habari. Hiyo ni kumbukumbu iliyojengwa na watu wa kawaida, bila kungoja mnara wa serikali.

Shida ni mwenye nyumba ni nani. Mwaka 2023 Twitter ilifunga mlango wa bure ambao watafiti walitumia kuchota data. Agosti 2024 Meta ikazima CrowdTangle, chombo cha kufuatilia posti za Facebook na Instagram. Kumbukumbu zetu tumezipanga kwenye nyumba ya mtu, na funguo anazo yeye.

Sasa fikiria Juni 25, 2024. Siku yetu hiyo, karibu yote iko kwenye simu. Video zangu zilienda na simu iliyoibiwa matatuni, na sikuwa nimezihifadhi kwingine. Nikiulizwa na mtoto wangu 2050, nitamwonyesha nini? Grafu?

Kwa hivyo fanya mambo mawili wiki hii. Toa picha na video zako kwenye simu, ziweke mahali pengine, na uandike tarehe, mahali na nani alikuwepo. Halafu kaa chini na mamako, babako au shosho, umuulize alikuwa wapi 1990. Mimi niliuliza juzi. Mama alinyamaza kidogo, akaanza na jina la jirani ambaye hakurudi nyumbani.

Hilo jina sijawahi kuliona mtandaoni. Sasa liko kwenye daftari langu.