Mita Thelathini Kutoka Ukutani: Sheria ya Mitetemo na Nyumba za Matumbawe za Pwani ya Kilifi

Kanuni za Kenya za mwaka 2009 kuhusu kelele na mitetemo ya kupita kiasi, zilizotungwa chini ya sheria kuu ya mazingira ya 1999, zinakataza mtetemo unaozidi sentimita 0.5 kwa sekunde, yaani milimita 5, nje ya mpaka wa eneo linalotoa mtetemo huo, au mita 30 kutoka kwa chanzo kinachotembea. Kiwango chenyewe si kibaya. Nchi nyingi zinakitumia, au kingine kinachokikaribia, kwa nyumba za kawaida. Kasoro iko kwenye mahali pa kupimia. Makala haya yanashikilia kwamba kwa nyumba kongwe za pwani ya Kilifi na Malindi, kanuni hii inaweza kutiiwa neno kwa neno huku ukuta ukipasuka, na kwamba kuirekebisha hakuhitaji sayansi mpya.

Tuanze na hesabu. Mtetemo wa ardhini hupimwa kwa kasi ya juu kabisa inayofikiwa na chembe ya udongo inapotikisika. Mwongozo wa mamlaka ya usafiri wa umma ya Marekani, ambao wahandisi wa reli huutumia sana hata nje ya nchi hiyo, unakadiria kwamba rola ya kushindilia hutoa takriban milimita 5.3 kwa sekunde ikiwa mita 7.6 kutoka kwa kipimo, na kwamba nguvu hiyo hupungua kwa kasi kadiri umbali unavyoongezeka. Ukiifuata kanuni yao ya hesabu, rola hiyohiyo inatoa milimita 0.7 tu katika mita 30. Mkaguzi aliyesimama hapo ataandika kwamba kazi iko ndani ya sheria, tena kwa nafasi kubwa. Lakini nyumba iliyo mita 5 kutoka kwa rola inapokea milimita 10, na iliyo mita 4 inapokea 14. Mwongozo huohuo unaweka milimita 3 kuwa kikomo cha majengo yanayodhurika upesi. Wajerumani, katika kiwango chao cha DIN 4150, wanaruhusu kwa majengo ya urithi milimita 3 kwenye msingi pale mtetemo unapokuwa wa polepole, na kuongeza hadi 8 mtetemo unapofikia mapigo 50 kwa sekunde. Wataalamu wanaweza kubishana kama rola ya mapigo 30 inastahili 3 au 5. Hakuna anayebisha kuhusu 14.

Msomaji atauliza: mwongozo wa reli unahusu nini hapa, na Malindi haina hata stesheni? Ni kweli, Malindi haijapata kuwa na reli. Lakini Kaunti ya Kilifi inayo, tena mbili. Reli ya Uganda iliyoanza kutandikwa Mombasa mwaka 1896 ilipanda kupitia Mazeras na Mariakani. Reli ya kisasa ya SGR, iliyoanza kujengwa mwishoni mwa 2014 na kuzinduliwa kwa abiria tarehe 31 Mei 2017, ina stesheni yake Mariakani. Kilomita chache kutoka Mazeras iko Rabai, ambako wamisionari Krapf na Rebmann walifungua misheni mwaka 1846 na ambako nyumba zao bado zimesimama. Upande wa bahari, kazi iliyoleta mashine nzito karibu na makazi ya watu ni upanuzi wa barabara kuu ya Mombasa, Mtwapa na Kilifi. Kwa ukuta, tofauti ya reli na barabara wakati wa ujenzi ni ndogo sana. Tuta la reli na tuta la barabara hushindiliwa kwa rola ileile, tabaka kwa tabaka, na mwamba hupasuliwa kwa baruti ileile. Zanzibar iliwahi kuliona jambo hili kwa udogo wake: reli ya Bububu, iliyofunguliwa mwaka 1905, ilipita kwenye mitaa myembamba ya mji karibu kabisa na kuta za nyumba. Ile ilikuwa reli nyepesi ya enzi ya mkono na sururu. Leo tuta linashindiliwa na mashine ya tani kumi au zaidi.

Sasa tuingie ndani ya ukuta, maana hapo ndipo viwango vya ugenini vinapopungukiwa. Ukuta wa nyumba kongwe ya Shella mjini Malindi, au ya Takaungu, haukujengwa kama ukuta wa matofali. Una nyuso mbili za mawe ya matumbawe, na katikati umejazwa vifusi, chokaa na mchanga. Unene wake hufika nusu mita au zaidi. Chokaa ni laini. Ulaini huo ni faida yake, kwa sababu ukuta unaweza kujinyoosha kidogo bila kuvunjika, na vijiufa vidogo hujiziba vyenyewe maji ya mvua yanapoyeyusha chokaa, kisha ikaganda tena. Lakini ukiutikisa ukuta wa namna hii siku baada ya siku, chengachenga za katikati hushuka na kujipanga upya chini. Nyuso mbili zinaanza kuachana. Ukuta unatoka tumbo. Fundi mzee huligundua hilo kwa kuugonga na kusikiliza mlio wa uwazi, wakati kwenye plasta hakuna hata ufa mmoja wa kupiga picha. Juu yake, boriti za mikoko zimeingizwa ukutani kwa vichwa vyake, na vichwa hivyo ndivyo vinavyoliwa kwanza na mchwa na unyevu. Boriti iliyooza kichwa inashikilia dari kwa mazoea tu, na rola inapowashwa au kuzimwa, mapigo yake hupitia kasi zote za chini, zikiwamo zile zinazolingana na mchezo wa dari yenyewe.

Halafu kuna mchanga. Sehemu kubwa ya Malindi imekaa juu ya mchanga uliojaa kwa karne nyingi, tofauti na Kilifi ambako mwamba wa matumbawe uko karibu na uso wa ardhi. Mchanga uliolegea hujishindilia unapotikiswa, na msingi hushuka hata kama kasi ya mtetemo iko chini ya kikomo chochote cha kupasua ukuta. Kwa hiyo, Malindi, kipimo cha mtetemo peke yake hakitoshi. Lazima upime pia kama nyumba inazama.

Upande wa pili una hoja, na hauwezi kupuuzwa. Nyufa nyingi za nyumba za pwani hazikuletwa na mashine. Zimeletwa na paa linalovuja, chumvi, mizizi, na hasa plasta ya saruji iliyopakwa juu ya chokaa na kufungia unyevu ndani. Beit al-Ajaib, jumba la kale la Unguja, iliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020, wakati ambapo hakuna reli yoyote iliyokuwa ikipita mlangoni. Mkandarasi anayeambiwa alipie kila ufa ulioko Mtwapa ana haki ya kuuliza upi ni wake. Swali hilo likiulizwa baada ya kazi kuanza, halina jibu, na anayekosa ushahidi huwa ni mwenye nyumba, mtu ambaye hana picha zenye tarehe wala mhandisi wa kumwandikia ripoti.

Ndiyo maana ukaguzi wa kabla ya kazi ni muhimu kuliko kipimo chochote. Nyumba zote zilizo karibu na njia zipigwe picha chumba kwa chumba, kila ufa upimwe upana na kuwekewa alama, kisha mwenye nyumba na mkandarasi watie sahihi na kila mmoja abaki na nakala. Gharama iwe ya mradi. Nyumba isiyokaguliwa ichukuliwe kuwa ilikuwa nzima, na mkandarasi ndiye athibitishe kinyume. Katiba ya 2010 imeshaanza kufungua mlango huo: kifungu cha 70 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani kulinda haki ya mazingira safi bila kuthibitisha kwamba ameshapata hasara. Mahakama ya Mazingira na Ardhi inakaa Malindi kwenyewe.

Kwenye kanuni, marekebisho ni ya sentensi moja: pale penye jengo linalokaliwa, kipimo kichukuliwe kwenye msingi wake, na nyumba za matumbawe na chokaa zipewe kikomo cha milimita 3. Kwa hesabu ya hapo juu, rola ikifika mita 11 hivi kutoka kwa nyumba ya aina hiyo, izimwe mtetemo na ishindilie kwa uzito wake peke yake, kwa tabaka nyembamba zaidi. Kazi itachelewa kidogo. Nguzo za madaraja zichimbiwe badala ya kupigiliwa. Haya hufanyika kila siku katika miji inayojenga reli chini ya makanisa ya kale.

Linabaki suala la fidia, na hapa pwani ina mkasa wake. Sheria ya ardhi hulipa vizuri kiasi nyumba iliyo ndani ya njia ya mradi, ambayo itabomolewa. Iliyo nje kwa hatua kumi haiko kwenye daftari lolote. Tena wengi wanamiliki nyumba bila ardhi: kuta ni zao, kiwanja ni cha mwingine anayelipwa kodi. Daftari la fidia linalofuata hatimiliki litamlipa mwenye kiwanja kwa ufa ulio kwenye ukuta usio wake. Fidia ya mtetemo lazima imfuate mwenye jengo, na Tume ya Taifa ya Ardhi iliandike hilo.

Malipo yenyewe yasiwe ya fedha taslimu tu. Fedha za kuziba ufa huishia kwenye mfuko wa saruji, kwa kuwa saruji inapatikana dukani na chokaa iliyoloweshwa vizuri haipatikani, na saruji hiyo itaudhuru ukuta kuliko rola ilivyofanya. Mkataba wa mradi utaje ukarabati kwa chokaa na boriti, utaje fundi anayeijua kazi hiyo, na kiasi fulani cha malipo ya mkandarasi kizuiwe hadi masika mawili yapite juu ya kuta zilizokarabatiwa.