Wainuiti: umbali, muda na matibabu

Wainuiti ni wenyeji wa asili wa Aktiki. Nchini Kanada wengi huishi Nunavut, eneo la kilomita za mraba karibu milioni 2 lenye makazi 25, na hakuna barabara inayounganisha hata mawili. Mgonjwa wa upande wa Kisiwa cha Baffin anayehitaji daktari bingwa hupanda ndege hadi Iqaluit, penye hospitali pekee ya Nunavut, kisha mara nyingi Ottawa, kama kilomita 2,000 kusini. Dhoruba ikivuma ndege hairuki, na miadi iliyongojewa kwa miezi hupotea.

Safari hizi zina historia chungu. Kuanzia 1950 hadi 1969 meli ya serikali, C. D. Howe, ilizunguka Aktiki ya mashariki ikiwapima watu kifua kikuu kwa eksirei. Aliyekutwa na ugonjwa mara nyingi hakuruhusiwa kushuka tena, hata kuwaaga wanawe. Kufikia 1956, Muinuiti mmoja kati ya 7 hivi alikuwa akitibiwa kusini, wakiwemo wengi huko Hamilton, Ontario. Baadhi walikaa miaka miwili au zaidi. Wapo watoto waliorudi wamesahau lugha yao, Kiinuktituti, wasiweze kusemezana na mama zao. Waliokufa walizikwa hukohuko, na familia nyingi hazikuambiwa kaburi liko wapi. Serikali iliomba radhi mwaka 2019. Mzee aliyeyapitia hayo akisita kupanda ndege, daktari hana haki ya kumwita mkaidi.

Baadaye ikaja zamu ya wajawazito. Walisafirishwa wiki kadhaa kabla ya siku zao, wakae mjini kungojea uchungu, mbali na mume na watoto wakubwa. Hoja ilikuwa usalama, nayo si ya kupuuzwa: mama akitokwa na damu nyingi kijijini hakuna chumba cha upasuaji. Hata hivyo wanawake wa Puvirnituq, katika Nunavik, kaskazini mwa Quebec, walidai kuzalia kwao. Mwaka 1986 kikafunguliwa kituo cha uzazi ambamo wakunga Wainuiti hufunzwa papo hapo, na nani asafirishwe huamuliwa na kamati ya wakunga, madaktari na wauguzi. Vituo vya Inukjuak (1998) na Salluit (2004) vilifuata. Matokeo kwa mama na watoto yamekuwa mazuri, na wanawake wengi wa pwani ya Hudson, penye vituo hivyo, sasa hujifungulia katika eneo lao. Anayehitaji kupasuliwa bado hupelekwa Montreal, kama kilomita 1,500 au zaidi kwa ndege.