Kivuli kifuani si lazima kiwe kifua kikuu

KIVULI kinapojitokeza katika picha ya eksirei ya kifua, aghalabu kifua kikuu ndicho hushukiwa kwanza humu nchini, kwani maradhi hayo yangali yameenea. Hata hivyo, saratani ya mapafu nayo huleta kikohozi, makohozi yenye damu na kukonda. Mgonjwa aweza kupoteza miezi akimeza dawa zisizomfaa.

Katika eksirei, hewa huonekana nyeusi na mifupa huonekana myeupe. Uvimbe ndani ya pafu basi hudhihirika kama doa jeupe. Doa lisilozidi sentimita 3 laweza kuwa kovu la ugonjwa wa zamani; likizidi kipimo hicho, au kingo zake zikiwa na vimiba, shaka huongezeka.

Wakati mwingine kinachoonekana si uvimbe bali athari zake. Ukiziba mrija wa hewa, sehemu ya pafu inayotegemea mrija huo hukosa hewa, husinyaa na kuwa nyeupe. Nayo huvuta viungo jirani: bomba kuu la hewa huelemea upande huo na kiwambo hupanda. Maji mengi yakijaa kifuani, kinyume chake, huvisukuma viungo upande wa pili. Mnamo 1925, daktari Mmarekani Ross Golden alieleza mpaka wenye umbo la herufi S iliyogeuzwa, unaotokea sehemu ya juu ya pafu la kulia inaposinyaa kwa kuzibwa na uvimbe. Alama hiyo ingali yaitwa kwa jina lake.

Nimonia inayorejea mahali pale pale pia yaweza kuashiria mrija ulioziba. Ndiyo maana mvutaji sigara aliyepita umri wa miaka 50 hushauriwa kupigwa picha tena wiki 6 hivi baada ya matibabu.

Eksirei safi nayo si hakikisho, kwani uvimbe mdogo hujificha nyuma ya moyo au mbavu. Uchunguzi wa CT, unaoonyesha kifua tabaka kwa tabaka, huufichua. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2011 ulibaini kuwa CT ya miale michache ilipunguza vifo vya saratani ya mapafu kwa asilimia 20 miongoni mwa wavutaji sugu, ikilinganishwa na eksirei.

Lakini picha haitoi hukumu. Ithibati hutoka maabarani, kipande cha uvimbe kinapopimwa. Asiyepata nafuu kwa dawa za kifua kikuu, hasa ikiwa viini havikuonekana katika makohozi yake, amwombe daktari uchunguzi zaidi.