Moshi, chokaa na dirisha: biro ya nyumbani dhidi ya uvundo

Kasongo na Kabambare, huku kwetu mashariki mwa Kongo, biro ya watu wengi ni chumba kimoja cha nyumba. Mwalimu husahihishia humo madaftari, katibu wa kijiji huweka humo rejista, mfanyabiashara hesabu zake. Mvua zikikolea, karatasi hulegea, majalada huota kuvu, na mwenye chumba hupokewa na uvundo kila anapofungua mlango. Uvundo huo ni pumzi ya kuvu, na kuvu huishi kwa maji. Kwa hiyo ninapolinganisha mila za kupambana na uvundo nauliza jambo moja tu: maji yameondoka, au harufu imefunikwa?

Mila ya kwanza ni ya kwetu. Nyumba ya udongo na manyasi ilikuwa na moto ndani. Moshi ulipenya paa polepole, mbegu za mahindi zikaning'inizwa juu ya meko, na ukuta ukashinda mkavu. Upenu mrefu ulizuia mvua isiupige. Leo jiko limetoka nje, na ni heri kwa macho na vifua vya mama zetu, sidai lirudi. Ila moto uliondoka na kazi yake, na hakuna kilichoishika. Paa sasa ni bati, nalo hupoa usiku, mvuke wa chumba ukaligusa na kugeuka matone. Upenu umefupishwa ili kuokoa bati, basi matone ya mvua hugonga ardhi na kurukia tofali mbichi. Kisha mwenye nyumba hupiga lipu ya sementi, akidhani amejikinga. Maji yanayopanda kutoka chini hunaswa nyuma ya lipu ile, udongo ukalainika, lipu ikavimba na kubanduka.

Mila ya pili ni ya pwani. Wafanyabiashara wa huko, walioishika Kasongo hadi majeshi ya Dhanis, kamanda wa Dola Huru ya Kongo, yalipoiteka Aprili 1893, walituachia mpunga na Kiswahili. Chokaa ya matumbawe ilibaki kwao, nami nasikitika. Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja kuta ni nene, za mawe ya matumbawe, zimepakwa chokaa inayopitisha mvuke: unyevu huingia, kisha hutoka. Chokaa mbichi ni kali, kuvu haishiki kwa urahisi. Ukuta hutaka kupakwa tena na tena, na kazi hiyo ndiyo kinga yenyewe. Palipokarabatiwa kwa sementi, unyevu na chumvi hufungiwa ndani, na ncha za boriti huoza.

Lakini pwani hiyohiyo hutegemea pia chetezo. Udi kwenye nguo na mbele ya mgeni ni adabu nzuri. Kwenye chumba chenye maji ukutani haufai: ukiisha, uvundo uko palepale.

Mila ya tatu ni ya Wajerumani: hufungua madirisha wazi kabisa kwa dakika chache, hata majira ya baridi, kisha huyafunga. Kwao ni hekima, kwa kuwa hewa baridi hubeba maji kidogo, na ikipashwa moto ndani hukausha chumba. Kasongo, asubuhi ya Machi baada ya mvua, hewa ya nje imejaa maji kama ya ndani. Kufungua saa hiyo ni kuyakaribisha. Dirisha la kwetu lifunguliwe jua likishawaka vizuri, kati ya adhuhuri na alasiri, na wakati wa kiangazi kutwa nzima. Mashine ya kukausha hewa, inayotumika sana Ulaya, hutaka umeme usiokatika; paneli ndogo ya jua ya taa na simu haiiwezi.

Ningekuwa na fedha kidogo za biro ya Lusangi, huko Kabambare, ningeanza na upenu, nirefushe bati hata kwa mkono mmoja, nichimbe mfereji wa kupeleka maji mbali na msingi. Pili ningetafuta chokaa badala ya sementi. Mawe yake yapo Kabimba, kusini ya Kalemie, si lazima yatoke baharini. Kabati lisigusane na ukuta unaopigwa na mvua, wala majalada yasikae sakafuni. Karatasi zilizolowa zianikwe kivulini penye upepo, maana jua kali hufifisha wino. Kuvu ikikauka ifutwe nje, pua imefunikwa kitambaa. Gunia la makaa pembeni hunyonya harufu iliyobaki, lakini liingie mwisho, ukuta ukishakauka.