Matone ya Maua: Safari ya Tiba ya Hisia Kutoka Uingereza Hadi Texas

Mwaka 1936 jimbo la Texas liliadhimisha miaka 100 tangu lijitenge na Mexico, kwa maonyesho makubwa yaliyofanyika mjini Dallas. Mwaka huohuo, tarehe 27 Novemba, daktari Mwingereza aitwaye Edward Bach alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 50. Aliacha nyuma yake nyumba ndogo kijijini, wasaidizi wachache waaminifu, na orodha ya dawa 38 alizoamini kuwa zinatuliza hofu, huzuni, wivu na kukata tamaa. Leo chupa ndogo zilizotokana na orodha hiyo zinauzwa madukani Dallas, Fort Worth na Houston, na Texas yenyewe imepata watengenezaji wake wa matone ya maua.

Jambo hili linatuhusu sisi wasomaji wa Kiswahili. Miji hiyo mitatu ina jamii kubwa za Wakongo, Wakenya, Watanzania na Warundi. Wengine walikuja kusoma au kutafuta kazi. Wengine walifika kama wakimbizi baada ya miaka mingi ya kuishi kambini. Mtu asiyepata usingizi kwa mawazo, akiwa mbali na mama na shangazi zake, huambiwa na mfanyakazi mwenzake ajaribu matone ya maua. Kabla hajatoa pesa yake, inafaa ajue matone hayo yametoka wapi na yanaweza kufanya nini.

Daktari aliyeacha hospitali

Bach alizaliwa tarehe 24 Septemba 1886 huko Moseley, karibu na Birmingham. Alisomea udaktari London katika Hospitali ya University College, akafuzu mwaka 1912. Mwaka 1917 aliugua saratani, akapasuliwa, na akapewa muda mfupi wa kuishi. Hakufa. Alirudi maabara, na mwaka 1919 akajiunga na Hospitali ya Homiopathia ya London, yaani ya tiba inayotumia dawa zilizozimuliwa mno, ambako alitafiti bakteria wa utumbo.

Kilichomsumbua ni kwamba wagonjwa wawili wenye ugonjwa mmoja hawakuuguzika kwa namna moja. Huyu alikuwa na hofu, yule na hasira, wa tatu alikuwa amekwisha kata tamaa. Akaanza kuamini kwamba daktari anapaswa kutazama hali ya moyo wa mtu kabla ya jina la ugonjwa wake. Mwaka 1928 alitengeneza dawa zake za kwanza kutokana na mimea ya Impatiens, Mimulus na Clematis. Mwaka 1930 alifunga shughuli zake London, akaenda kutembea mashambani Wales na kwenye pwani ya mashariki ya Uingereza akitafuta mimea mingine.

Namna yake ya kutengeneza dawa ilikuwa rahisi. Maua yaliyochumwa asubuhi ya jua kali yaliwekwa yaelee juu ya maji ya chemchemi katika bakuli la kioo, yakaachwa juani kwa saa tatu. Mimea migumu ilichemshwa kwa nusu saa. Maji yale yakachujwa na kuchanganywa na brandi ili yasiharibike, na matone machache ya mchanganyiko huo yakaongezwa tena maji katika chupa nyingine. Mgonjwa alikunywa matone manne, mara nne kwa siku.

Kufikia mwaka 1935 orodha ilikamilika: dawa 37 za mimea na moja ya maji matupu ya chemchemi itokayo mwambani. Kila moja ilipewa hisia yake. Mimulus ni kwa hofu ambayo mtu anaijua sababu yake. Aspen ni kwa hofu isiyojulikana inakotoka. Holly ni kwa wivu na chuki. Olive, yaani mzeituni, ni kwa aliyechoka mwili na roho. Mchanganyiko mashuhuri kuliko yote, uitwao Rescue Remedy, una mimea mitano na ulikusudiwa mtu aliyepatwa na mshtuko. Wafuasi wake husimulia kwamba Bach aliutumia kwa mabaharia waliookolewa katika dhoruba karibu na mji wa Cromer.

Bach hakuwatoza wagonjwa ada, na alichapisha namna ya kutengeneza dawa zake ili kila mtu ajitengenezee. Baraza la Madaktari la Uingereza lilimwonya kwa kujitangaza magazetini na kwa kufanya kazi na wasaidizi wasiosomea udaktari, lakini hakuacha. Tangu mwaka 1934 aliishi Mount Vernon, nyumba iliyoko kijiji cha Brightwell-cum-Sotwell. Alipofariki, Nora Weeks na Victor Bullen waliendeleza kazi hapohapo.

Texas ilikuwa na maji yake

Wazo la kumtuliza mtu kwa maua na maji lilikuwa Texas kabla ya Bach. Mwaka 1881 mganga wa Kimexico, Pedro Jaramillo, aliyejulikana kwa heshima kama Don Pedrito, alihamia eneo la Los Olmos, kusini mwa jimbo hilo. Watu walimfuata kutoka mbali hadi alipofariki mwaka 1907. Alisifika kwa maagizo mepesi, na mara nyingi aliagiza maji tu: kunywa kiasi fulani au kuyaoga, kwa idadi ya siku aliyoitaja. Kaburi lake karibu na mji wa Falfurrias bado linazuriwa.

Tiba hiyo ya Wamexico ina jina kwa mshtuko unaomwacha mtu bila utulivu: susto. Ina chai ya maua ya mchungwa kwa wenye wasiwasi, na ina Agua de Florida, maji ya marashi yaliyoanza kutengenezwa New York mwaka 1808. Maji hayo hunukia machungwa, lavenda na karafuu. Katika maduka ya mitishamba ya Wamexico na Walatino mjini Houston na Dallas, yanauzwa hadi leo kwa ajili ya kumpangusia mtu aliyeelemewa na huzuni au hofu.

Msomaji wa Zanzibar, Lamu au Mombasa hatashangaa. Kwetu marashi ya waridi hunyunyizwa kwa mrashi penye harusi na maulidi, asumini husukwa vikuba, na mlangilangi hutawanywa kitandani kwa maharusi. Tofauti iko hapa: marashi yetu na Agua de Florida hufanya kazi kwa harufu, na pua ndiyo mlango wake. Matone ya Bach hayana harufu ya ua lolote. Anayeyanywa anaonja maji na brandi.

Mawaridi ya makaburini na bustani ya Fort Worth

Amerika ilianza kutengeneza matone yake kwa nguvu baada ya mwaka 1979, Richard Katz alipoanzisha Flower Essence Society huko California. Akishirikiana na Patricia Kaminski, alitumia mimea ya Marekani na kufundisha watu namna ya kuichagua. Wakati huohuo maduka ya vyakula vya asili yalikuwa yakienea. Whole Foods Market, lililoanzia Austin mwaka 1980, lilivuka mipaka ya mji huo mwaka 1984 kwa kwenda Houston na Dallas. Bidhaa ambazo zamani ziliagizwa kwa posta zikapata rafu mjini.

Texas ilikuwa tayari kwa maua. Bustani ya Mimea ya Fort Worth, kongwe kuliko zote jimboni, ilifunguliwa rasmi mwaka 1934. Sehemu yake ya mawaridi ilijengwa mwaka 1933 kwa mikono ya watu waliokosa ajira katika Mdororo Mkuu wa uchumi. Miaka ya 1980 wapenzi wa mawaridi, waliojiita Texas Rose Rustlers, walizunguka makaburini na kwenye nyumba zilizohamwa, kati ya Houston na Austin na kwingineko, wakichukua vipandikizi vya mawaridi ya kale. Waligundua aina zilizoishi miaka mingi bila kumwagiwa maji wala dawa, katika joto linalopita nyuzi 38. Kitalu cha Antique Rose Emporium, kilichoanzishwa na Mike Shoup, kilizifanya aina hizo zirudi kwenye bustani za watu.

Hapo ndipo inapoingia kazi ya Judy Griffin, mtaalamu wa mitishamba wa Fort Worth. Chini ya jina la Petite Fleur alitengeneza matone kutokana na maua ya bustani, mawaridi ya kale yakiwamo, akiyafungamanisha na tabia na hisia za watu. Aliandika vitabu, kikiwamo Mother Nature's Herbal cha mwaka 1997 na Flowers That Heal cha mwaka 2002. Hivyo orodha iliyoanzia vichakani Uingereza ikapata ndugu zake kusini mwa Marekani, ikiwa na mawaridi yaliyozoea jua la huko.

Sayansi imesema nini

Heshima kwa historia haituruhusu kuficha ukweli. Matone haya yamejaribiwa kama dawa nyingine zinavyojaribiwa. Mwaka 2010 Profesa Edzard Ernst wa Uingereza alichapisha uchambuzi wa majaribio yaliyowagawa watu kwa bahati nasibu, baadhi wakapewa matone ya maua na wengine maji yanayofanana nayo. Katika majaribio yote yaliyolinganisha hivyo, matone hayakuishinda dawa bandia. Watu walipata nafuu, lakini waliokunywa dawa bandia nao walipata nafuu.

Nafuu hiyo isidharauliwe. Mtu anapokaa na mshauri wa matone, huulizwa maswali ambayo pengine hajawahi kuulizwa: unaogopa nini, unamkasirikia nani, umechoka tangu lini? Hupewa jina la anachohisi, hupewa muda, na mara nne kwa siku hukumbuka kutulia. Mimi naamini hilo ndilo jambo jema kuliko yote aliloacha Bach: kumsikiliza mgonjwa kwanza. Nalo halihitaji kununuliwa ndani ya chupa.

Anayetaka kuyatumia ajue mambo matatu. Kwanza, matone mengi yamehifadhiwa kwa brandi. Mwislamu, mama mjamzito na aliyeacha pombe waulize yale yaliyotengenezwa kwa gliserini. Pili, asijitengenezee kwa ua asilolijua. Karibu na Houston kuna mji wa Galveston, unaojivunia maua ya oleander yaliyoletwa kutoka Jamaica mwaka 1841 na mfanyabiashara Joseph Osterman. Ni maua mazuri, na kila sehemu ya mmea huo ina sumu inayoweza kusimamisha moyo. Tatu, matone yasichukue nafasi ya dawa aliyoandikiwa na daktari. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani haijaidhinisha dawa yoyote ya homiopathia kwa kutibu ugonjwa, na Rescue Remedy huuzwa huko chini ya jina hilo la homiopathia.

Neno kwa walio mbali na nyumbani

Houston ina Texas Medical Center, mkusanyiko wa hospitali ulioanzishwa mwaka 1945 na unaotajwa kuwa mkubwa kuliko yote duniani. Mji huohuo ulipozamishwa na kimbunga Harvey mwezi Agosti 2017, mvua ikipita milimita 1,000 katika maeneo kadhaa, watu walipoteza nyumba na wakabaki na hofu kila mawingu yanapotanda. Wapo kati yetu waliofika huko wakiwa wamebeba hofu nyingine, ya bunduki za Kivu, mashariki mwa Kongo. Majeraha ya namna hiyo yanataka mtu wa kuyashughulikia kwa ujuzi.

Tunapenda kusema kwamba mwanamume halii, na kwamba mambo ya nyumbani hayatolewi nje. Maneno hayo yamewazika vijana wetu. Mwenye dawa ya unyonge wake ni yule anayeusema mapema, kwa mke, kwa kaka, kwa padri au imamu, kisha kwa daktari.

Ukipenda maua, yapande. Ukae nayo jioni, na ukitaka unywe matone yake kwa kujua kikomo chake. Lakini huzuni ikikaa wiki mbili bila kuondoka, au ukianza kuona kwamba maisha hayana maana, muone daktari wako. Ukiwa popote Marekani, piga namba 988 saa yoyote, usiku au mchana, na uombe mkalimani wa Kiswahili. Namba hiyo ilianza kutumika nchi nzima mwezi Julai 2022, na kuipiga ni bure. Iandike kwenye simu yako leo, na umpe mwenzako.